Mimi Ni Shabiki wa Redioni

Mpira naujua kwa masikio kuliko kwa macho. Ni fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma, na redio yangu inakaa juu ya rafu ya nyuzi. Mechi ikianza saa kumi jioni, mimi niko kwenye pindo la sketi ya shule au zipu ya suruali ya mtu anayesafiri kesho. Mtangazaji akipandisha sauti, mguu unaacha kukanyaga. Akituliza, naendelea na kazi. Hivyo ndivyo nilivyozifuatilia timu zangu tangu nifungue kibanda hiki.

Siwezi kukutajia kikosi cha kwanza cha Simba msimu huu. Mfumo anaoutumia kocha siujui. Dirisha la usajili likifunguliwa, vijana wanaouza vifaa vya simu mlango wa pili hubishana kuanzia chai ya asubuhi: nani kasaini, nani kavunja mkataba, nani kachukuliwa na watani usiku wa manane. Mimi nayasikia majina mapya kama abiria anavyosikia majina ya vituo asivyoshukia. Wao wananiita shabiki maandazi. Nalikataa jina hilo, kwa sababu Simba ikifungwa usingizi unanipaa, na Dodoma Jiji ikishinda ugenini siku yangu nzima inanyooka.

Ninachoamini ni hiki. Sisi tusiowajua wachezaji tumeshika kitu kingine. Tumeshika jina la timu, rangi yake, mji wake, uwanja wake, na watu tuliosikia nao matokeo. Kwa shabiki lialia, yule wa kufa na kupona, hayo ni ganda tu, mpira wenyewe uko kwenye pasi, kwenye mabadiliko ya kipindi cha pili, kwenye nani aanze na nani akae benchi. Kwangu mimi hayo ndiyo timu yenyewe. Ukiyagusa umenigusa, hata kama umeniletea mshambuliaji mkali kuliko wote Afrika.

Simba nilipewa na baba. Tulikuwa Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, na baba alikuwa mkulima wa mahindi na alizeti mwenye redio moja ambayo betri zake zikiisha nguvu tulizianika juani ili zipate pumzi ya dakika tisini. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF. Mechi ya kwanza kule Abidjan ilikuwa suluhu na Stella ya Ivory Coast, kwa hiyo marudiano yalikuwa Dar es Salaam na watu wazima wote waliomzunguka baba walishakubaliana kwamba kombe limeshafika nyumbani. Tulikaa chini ya mti, watoto tukikatazwa hata kukohoa. Stella wakashinda mbili bila. Mpaka leo nakumbuka jinsi majirani walivyoondoka mmoja mmoja bila kuaga, jambo ambalo kwetu Wagogo si la kawaida. Kesho yake asubuhi baba alivaa fulana yake nyekundu, ile ile ya jana, akaenda shambani.

Fulana ile ndiyo iliyonifanya kuwa Simba. Sikuwa nimeelewa chochote kuhusu mchezo. Nilielewa kwamba kuna kitu ambacho mtu anakivaa tena kesho yake baada ya kuumizwa nacho.

Sasa tazama. Mwezi Mei 2025 Simba ilirudi kwenye fainali ya Afrika, safari hii Kombe la Shirikisho, dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Tulifungwa mbili bila kwao, na marudiano yakachezwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Joshua Mutale alifunga mapema, nikaiacha cherehani na nguo ya mteja ikiwa bado chini ya sindano. Lakini Berkane walisawazisha, ikaisha moja moja, kombe likaenda. Nilimpigia baba Kibaigwa. Sauti yake sasa ni ya mzee, anatafuta maneno polepole.

"Mama," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita, "mwaka ule tulijiona tumeshachukua. Safari hii mlima tuliuona mapema. Lakini panapouma ni pale pale."

Kati ya fainali hizo mbili hakuna mchezaji hata mmoja aliyebaki. Golini mwaka 1993 alikuwa Mohamed Mwameja, ambaye baba mpaka leo anamtaja kwa heshima anayowapa wazee wa ukoo. Mwaka 2025 alikuwa Moussa Camara kutoka Guinea. Kombe lenyewe si lile, maana Kombe la CAF liliunganishwa na la washindi mwaka 2004 likawa hili la Shirikisho. Uwanja wa Taifa wa enzi zile sasa unaitwa Uhuru. Makocha, viongozi, wadhamini, vyote vimepita. Ila mzee wa Kibaigwa na binti yake wa Majengo waliumia pamoja, kwa jina lile lile na rangi ile ile. Nani ataniambia kwamba jina na rangi ni ganda?

Mtu anaweza kunijibu kwamba Simba yenyewe ilibadilisha jina. Ni kweli. Iliundwa mwaka 1936, kwa miaka mingi ikaitwa Sunderland, na jina la Simba likaja mwaka 1971. Baba anayakumbuka majina yote mawili. Lakini klabu haikuondoka Msimbazi. Waliolala Sunderland waliamka Simba wakiwa mtaa ule ule, na watani wao wakiwa wale wale Yanga wa Jangwani. Jina lilibadilishwa na wenyewe, wakabaki nalo. Hilo naliona kuwa jambo tofauti kabisa na haya ninayokwenda kuyasema.

Mume wangu ni Yanga. Siku ile ya Novemba 2023 Yanga walipotufunga tano kwa moja, alikuja mpaka kibandani kunipa pole mbele ya wateja, na nilimpokea kwa sababu mimi pia nilishawahi kumpelekea pole yake, mwaka 2012, tukiwa wachumba, Simba waliposhinda tano bila. Utani huu umetulea. Mdogo wangu wa kiume naye ananivuta kwa Arsenal, nimeipenda kiasi kwa ajili yake, basi. Ile ni timu yake, mimi ni mgeni ndani yake, naulizia matokeo kama mtu anavyoulizia hali ya shemeji.

Dodoma Jiji ni habari nyingine. Hii hakunipa mtu.

Nilipohamia mjini kujifunza ushonaji, wazee wa hapa walinisimulia kwamba Dodoma iliwahi kuwa na timu za kutisha kwenye ligi kuu ya wakati wao. Kulikuwa na Waziri Mkuu na kulikuwa na CDA, timu iliyobeba jina la ile mamlaka iliyopewa kazi ya kuujenga mji huu baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa. Timu zilipotea. Baadaye na mamlaka yenyewe ikavunjwa, mwaka 2017. Nilipokuwa nikisikiliza wazee wakizitaja, nilikuwa naona jinsi macho yao yanavyoangalia upande wa Uwanja wa Jamhuri, kana kwamba mechi inaanza jioni hii.

Halafu Serikali ikahamia kweli. Wizara zilianza kuja moja baada ya nyingine, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Wateja wangu wakabadilika. Nikaanza kupima mabega ya watu kutoka Kagera, Mtwara, Tanga, Rukwa. Kila mmoja alikuja na timu yake, nayo ilikuwa Simba au Yanga. Mji ulijaa watu ambao wengi wao, ukiwauliza wa wapi, hawakutaja Dodoma. Katikati ya hali hiyo, timu ya halmashauri ya jiji ikapanda daraja, na msimu wa 2020/21 Dodoma Jiji ikacheza Ligi Kuu.

Mara ya kwanza kwenda Jamhuri nilifuatana na shangazi yangu anayeuza karanga pale nje. Nilikuwa nimemsaidia kubeba beseni, akaniambia ingia, hawa wa leo si wakubwa, kiingilio unakimudu. Nilikaa mzunguko. Upepo wa Dodoma ukapuliza vumbi tukafumba macho wote kwa pamoja, na tulipofumbua mpira ulikuwa umeshafika upande wa pili. Watu hawakuwa wengi. Nilisikia kila kitu: kipa akiwapangia mabeki, kocha akifoka, mpira ukigonga mguu. Kwa mtu aliyezoea redio, kusikia mpira bila mtangazaji katikati ni kitu kikubwa sana. Mama mmoja mbele yangu alikuwa anaimba jina la mji. Hakuimba la mchezaji. Dodoma, Dodoma, Dodoma. Nikaanza kumwitikia, na nilipotoka pale nilikuwa na timu ya pili.

Wanaitwa Walima Zabibu. Nalipenda jina hilo kwa sababu ni la kazi ya hapa. Ndugu zangu wa Hombolo na Mpunguzi wanalima zabibu kweli, wanapata hasara kweli mvua ikikosea. Timu haikujipa jina la mnyama mkali ambaye hakuna aliyewahi kumwona hapa.

Kwa nini basi nasema jina na mji ni timu yenyewe? Kwa sababu ya majirani zetu wa Singida, walikotoka wakwe zangu.

Mwaka 2017 Singida United ilipanda Ligi Kuu ikiwa na kocha Hans van der Pluijm, yule aliyekuwa Yanga. Mama mkwe, Mnyaturu ambaye hajawahi kukanyaga uwanja, alianza kuuliza matokeo. Mwaka 2018 wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, lile la hapa nchini, kule Arusha, wakafungwa na Mtibwa Sugar tatu kwa mbili. Miaka miwili baadaye wakashuka daraja, na haikuchukua muda timu ikawa haisikiki tena. Ikaja nyingine, iliyokuwa ikiitwa DTB, ikapanda na kujiita Singida Big Stars, msimu wake wa kwanza ikamaliza ya nne. Mama mkwe akafufuka. Mwaka 2023 ikawa Singida Fountain Gate. Mwaka uliofuata neno Singida likaondolewa, timu ikaenda kuchezea Babati. Papo hapo Ihefu, iliyokuwa ya Mbarali mkoani Mbeya, ikaletwa Singida na kubatizwa Singida Black Stars.

Najua wenye timu wana hesabu zao. Kuendesha klabu ya mkoani ni gharama, mishahara, kambi, safari za basi kutoka Kagera mpaka Mtwara, na anayetoa fedha ana haki ya kusema. Sibishani na hilo. Lakini katika hesabu hizo sijasikia mtu akimhesabu mama mkwe. Alijifunza jina, likabadilishwa. Akajifunza lingine, likahamishwa. Safari ya mwisho nilipomuuliza kuhusu Black Stars, aliniambia wanacheza vizuri, anasikia, akaendelea kupepeta mtama. Timu ile imekuwa na wachezaji wazuri, na nawaombea mema. Ila mapenzi ya mtu wa kawaida huchukua muda kuota, na yakishang'olewa mara mbili tatu, mtu anaacha kupanda.

Upande wa pili wa jambo hilo ulikuja wenyewe kibandani kwangu. Kijana mmoja, dereva wa bodaboda, alileta jezi ya Ihefu iliyochanika kwapani. Kwao ni Ubaruku, ulipo uwanja wa Highland Estate. Nilijua mara moja alichokishika mkononi. Tarehe 29 Novemba 2022, kwenye uwanja ule, Ihefu iliifunga Yanga mbili kwa moja na kukatisha mfululizo wa Yanga wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Nchi nzima ilisimama. Mume wangu hakula usiku ule.

"Ulikuwepo?" nilimuuliza.

"Nilikuwepo, dada. Nimekaa juu ya mti."

"Na sasa unawashabikia wale wa Singida?"

Akaitazama jezi. "Dada, mimi Singida nimepita tu na basi. Wewe nishonee vizuri, hii haitengenezwi tena."

Nilishona kwa uzi mara mbili. Sikumtoza.

Sasa nisieleweke kwamba wachezaji kwangu ni kivuli tu. Mwezi Februari 2025 basi la Dodoma Jiji lilipata ajali mkoani Lindi, timu ikitoka Ruangwa kucheza na Namungo. Habari ilinifikia kwa redio ile ile, katikati ya muziki. Wachezaji na watu wa benchi la ufundi walikuwa wamejeruhiwa. Nilikaa na mkasi mkononi nisijue nifanye nini. Nilitaka kuwaombea kwa majina, na majina sikuwa nayo. Nikamwita mmoja wa wale vijana wa vifaa vya simu, wale wanaoniita maandazi, naye akanisomea majina kwenye simu, taratibu, nikayaandika kwenye daftari langu la vipimo, ukurasa mmoja na mabega na viuno vya wateja. Hatukutaniana. Mechi yao iliyofuata ilikuwa na Simba, ikaahirishwa, na kwa mara ya kwanza maishani nilifurahi kwamba Simba haichezi.

Tangu siku hiyo nayajua majina mengi zaidi ya Dodoma Jiji kuliko ya Simba. Mapenzi yalianza kwa mji, yakawafikia watu wenyewe. Kwangu njia ilikuwa hiyo. Kama timu ingekuwa imehamishiwa mkoa mwingine mwaka mmoja kabla, ajali ile ingekuwa habari ya kusikitisha kati ya habari nyingine za barabarani, na daftari langu lisingekuwa na ukurasa ule.

Taifa Stars, timu yetu ya taifa, nitaisema kwa kifupi kwa sababu hapo sote tunajuana. Tarehe 24 Machi 2019, siku tulipoifunga Uganda tatu bila na kurudi AFCON, kombe la mataifa ya Afrika, baada ya miaka 39, Simba na Yanga walikumbatiana mtaani kwetu na hakuna aliyeuliza. Septemba 2025 ikawa hivyo tena, na safari hii hapakuwa na timu: Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo, akimpita Mjerumani Amanal Petros pale pale kwenye utepe, muda wao ukiwa mmoja, saa 2:09:48. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Tanzania katika mashindano hayo. Mama mkwe alinipigia yeye. Hakusema timu gani. Alisema, "Mtoto wetu."

Na hapo ndipo lilipo swali ambalo vijana wa jirani wananiuliza kila msimu. Simba ikija Jamhuri kucheza na Dodoma Jiji, unakaa wapi?

Siku hizo mji unabadilika. Tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024, wapenzi kutoka Dar es Salaam wanapanda asubuhi na kushuka hapa na jezi mwilini, na jioni au kesho yake wanarudi. Jamhuri inajaa wekundu mpaka kwenye kuta. Ikija Yanga inajaa kijani na njano. Walima Zabibu wanatoka kupasha misuli kwenye uwanja wao na wanazomewa, kwao, na watu wanaoishi Area C, Nkuhungu, Kizota, Chang'ombe, wanaokunywa maji ya hapa na kuzaa hapa. Linaniuma sana jambo hilo. Mchezaji wa Dodoma Jiji hupata watu wake siku ambazo hakuna mtu, na siku ambayo watu wapo, si wake.

Nilikwenda na nikakaa na wale wachache wa Dodoma. Nilikuwa nimejishonea kitambaa cha kichwa cha rangi ya timu. Wekundu wenzangu walinifahamu wakaniita msaliti, mmoja ni mteja wangu wa miaka mingi. Nilimwambia Simba ina Tanzania nzima, haitapungukiwa na mimi kwa dakika tisini, na hawa wana sisi tu. Simba walishinda. Bao lilipoingia moyo wangu ulikwenda pande mbili kwa wakati mmoja, na sioni haja ya kuuchagulia upande mmoja baada ya tukio. Lakini mwili wangu ulikaa upande niliouchagua, na sauti yangu pia.

Nilimweleza baba kwenye simu. Nilitegemea atakasirika. Aliniuliza tu kama wale vijana wa ajali wamepona na kama wamerudi uwanjani, nikamwambia wengi wamerudi. Akasema msimu ujao akija mjini kwa kliniki ya macho nimpeleke Jamhuri, mechi yoyote, tukakae na hao wa kwetu.

Sasa uwanja mpya mkubwa unajengwa Nzuguni. Naufurahia, mji huu unastahili. Ombi langu kwa wenye maamuzi, na kwa halmashauri iliyoilea timu, ni kwamba Dodoma Jiji wapewe pale nafasi ya wenyeji, kiingilio cha mechi za kawaida kibaki ambacho muuza karanga anakimudu, na jina lisiguswe. Kwa wale mnaoishi hapa na moyo wenu uko Msimbazi au Jangwani, sitaki muuhamishe. Nawaomba mje siku ile ambayo wageni ni Mashujaa au Namungo, jua likiwa kali na mzunguko ukiwa na nafasi tele. Mimi nafunga kibanda saa tisa na nusu. Nguo zenu mtazikuta Jumatatu.